Kuku wa Barafu na Jina la Mtoto

Leo sina uso, wenzangu. Asubuhi niliamka nao. Jioni hii sijui uko wapi, na nyumba za serikali zote hapa Kakamega zinajua kwa nini.

Nianze mwanzo, maana mkisikia kwa mtu mwingine mtasikia vibaya zaidi. (Hapana. Hakuna vibaya zaidi ya hivi. Lakini acha nisimulie mwenyewe.)

Mama mkwe wangu hamjawahi kumwona. Nyumbani kwangu hata mimi nilikuwa sijamwona. Baada tu ya Uhuru, Hezroni wangu alipata uhamisho wa ghafla, tukafunga ndoa haraka haraka ofisini kwa D.C., siku ya kazi, na mashahidi waliokuwa wakitazama saa. Kumbe kule kwao Isukha mama yake alikuwa ameshapasua kuni na kukusanya waimbaji. Hezroni ni mwanawe wa pekee. Mama akabaki na kuni zake na nyimbo zake. Akatoa neno moja tu: "Nyumba ambayo sikuiimbia, siingii."

Na kweli hakuingia. Tukienda kwake hutupa uji, hutuuliza habari za kazi, kisha hunyamaza. Mimi huniita "bibi ya Hezroni". Jina langu, Roda, halikuwahi kutoka kinywani mwake. Hakunitukana hata siku moja. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Mwaka huu mtoto akazaliwa. Msichana. Kwa watu wa Hezroni, jina la nyumbani hutolewa na nyanya. Nyanya akanyamaza. Basi mtoto wangu mpaka leo asubuhi alikuwa anaitwa Mtoto. Kila jioni analia, na kila jirani ananiambia analilia jina. Mimi siyaamini mambo hayo. Lakini ikifika jioni, akianza kupasua hewa, mimi niko tayari kuamini chochote.

Juzijuzi ujumbe ukaja kupitia kwa mwanakwaya mmoja. Mama amesema atapita Jumapili baada ya ibada. Atasimama mlangoni, atamwona mtoto, ataenda zake.

Mlangoni!

Nikaapa. Mama, utaingia. Utaingia, utakaa, utakula, utamshika mtoto na utampa jina. Mimi sitakuvuta mkono. Atakuvuta kuku. Maana mama mkwe wangu ana udhaifu mmoja duniani, nao ni kuku. Zamani wanawake wa huku walikuwa hawali kuku kabisa. Yeye alipobatizwa aliuacha mwiko huo, na tangu hapo humla kuku kama mtu anayedai haki yake ya miaka yote iliyopita. Kuku akinukia ndani, mlangoni hatasimama. Nilikuwa na hakika hiyo kama ninavyolijua jina langu.

Sasa mniangalie ujanja wangu. Mnakumbuka lile friji la mafuta ya taa? Lile tuliloachiwa na Mzungu wa kilimo alipofunga mizigo kurudi kwao? (Msiniulize moto chini unaletaje baridi juu. Hezroni amenieleza mara nyingi, na naona hata yeye haelewi.) Nikasema sitaki kukimbizana na jogoo Jumapili nikiwa na nguo ya kanisa. Nikamchinja Ijumaa, nikamnyonyoa, nikamwosha, firigisi na maini nikavirudisha tumboni mwake visipotee, nikamweka pale juu kabisa ndani ya friji. Nikajisifu. Nikamwita hata Mama Zainabu, jirani yangu mkabala, aje aone. Yeye ni mtu wa Mumias, na hana haraka ya kushangaa.

"Mashallah," akasema. "Na atatoka?"

"Kwa nini asitoke?"

"Nauliza tu."

Leo asubuhi nimefungua friji. Kuku hakutoka.

Alikuwa ameshikana na sahani, sahani imeshikana na friji. Nikavuta. Friji lote likanifuata.

"Hezroni! Umelifanya nini hili friji?"

"Jana nimeinua utambi kidogo," akasema akifunga tai. "Nilitaka mambo yawe imara."

Yalikuwa imara. Nilimbandua yule jogoo kwa mpini wa mwiko, akaanguka sakafuni, na saruji ndiyo iliyoumia. Nikamgonga kwa kisu, akalia ko, ko, ko. Nikamwambia Hezroni achukue baiskeli akamngoje mama yake kanisani, na njiani amcheleweshe. Amwonyeshe ofisi. Amwonyeshe bendera. Amwonyeshe chochote.

"Mama hapendi kuonyeshwa vitu," akasema.

"Leo atapenda. Nenda!"

Mtoto nikamkabidhi Mama Zainabu, akamfunga mgongoni kwa leso akaenda naye kwake. Nikabaki peke yangu na adui.

Kwanza nikataka kumtia sufuriani hivyo hivyo alivyo. Hakuingia. Alikuwa ameganda ametanua mapaja, na sufuria yangu kubwa ikakataa. Nikamgeuza kichwa chini, ikakataa. Nikakaa juu yake. (Ndiyo, nimemkalia kuku. Endeleeni kusoma.) Akanitia baridi mahali ambapo sitapataja, na hakulegea hata kidogo.

Nikamtia kwenye beseni la maji. Maji yakawa baridi, kuku akabaki vile vile. Nikamtoa nje kwenye jua. Jua la Kakamega mnalijua: lilichungulia, likamwona, likarudi mawinguni. Nikamshika juu ya jiko la kuni, ngozi ikaanza kuungua huku ndani angali jiwe. Nikasema Roda, usikate tamaa. Wewe umesoma. Fikiri!

Nikafikiri. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikakumbuka jinsi Mtoto alivyoshikwa na baridi wakati wa mvua kubwa. Nilimvalisha, nikamfunga blanketi lake la sufi gubigubi, nikamlaza kitandani na chupa ya maji moto ubavuni. Akapata joto mara moja. Basi kama blanketi linamtoa mtoto baridi, litamshinda jogoo?

Nikamkausha. Nikamviringisha kwa fulana ya Hezroni, kisha kwa blanketi la Mtoto, lile jeupe lenye pindo la waridi. Nikafunika mpaka kichwani, yaani pale ambapo kichwa kingekuwa. Nikachomeka ncha vizuri, kwa mazoea tu ya mikono. Nikajaza chupa maji ya moto, nikaivika soksi, nikaiweka ubavuni. Nikavuta pazia mwanga usiingie. (Pazia la nini? Kuku alikuwa anataka kulala? Nimejiuliza swali hilo siku nzima.) Hata yale mapaja yalituna ndani ya blanketi kama ya kitoto kinono. Nilimpigapiga mgongoni nikitoka. Naapa. Nilimpigapiga.

Nikarudi jikoni, kule nyuma ya nyumba, kuchochea kuni na kukatakata vitunguu.

Kumbe mama mkwe ameingia kanisani, amesikia mahubiri nusu, amejinyanyua. Kumbe hakufuata barabara, amekatiza njia ya mtoni. Kumbe Hezroni yuko kwenye lango la kanisa na baiskeli yake, anamngojea mtu aliyekwisha kufika kwangu.

Akapiga hodi. Mimi kwenye moshi sikusikia. Akapiga tena. Kimya. Kutoka pale mlangoni, mlango wa chumba cha kulala ukiwa wazi, unaona kitanda moja kwa moja. Akaona blanketi jeupe. Akaona umbo. Na mtu aliyeapa hataingia, akavua viatu akaingia. Alitaka kumshika mtoto kabla mimi sijatokea. Hilo kalisema mwenyewe baadaye. Amshike kidogo, amlaze tena, arudi mlangoni kusimama na kiburi chake.

Akamnyanyua. Baridi kama jiwe la mtoni. Amekakamaa.

Wenzangu, nyinyi mnajua kilio cha kwetu. Si kilio cha kujifuta machozi. Ni kile kinachotoka tumboni na kuvuka vilima viwili, na kila anayekisikia huacha alichoshika na kukimbia, kwa sababu kuuliza kwanza ni kukosa utu. Kilio hicho kikatokea chumbani kwangu.

"Uuuuwi! Woi! Woi, mama yangu! Mutoto amekufa! Mutoto wetu amekufaaa!"

Kisu kikaniponyoka. Mtoto? Mtoto yupi? Kwa Mama Zainabu kumetokea nini? Miguu yangu iliingia ndani kabla ya akili. Nikamkuta mama mkwe ameketi chini, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa kimeanguka, amelikumbatia lile blanketi kifuani kwa nguvu zake zote, anayumba huku na huku.

Hapo nikaelewa. Nafuu ikaniteremka kama maji, na nyuma ya nafuu ikaja aibu.

"Mama! Mama, huyo si mtoto!"

"Usiseme hivyo, Roda! Ni mutoto wetu! Hata kama amekufa ni wetu!"

Roda. Aliniita Roda. Sikupata hata nafasi ya kufurahi.

"Mama, ni kuku!"

Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona machoni mwake. Kisha akalia mara mbili ya mwanzo.

Watu wakaanza kumiminika. Waliingia mlangoni, wakaingia dirishani. Wanawake wa mtaa mzima, wengine na povu la sabuni mikononi. Mzee Ainea wa nyumba ya mwisho, ambaye hupiga ngoma ya isukuti kwenye harusi na matanga, alifika ameshaivaa ngoma begani. Huyo hangoji kuambiwa ni ipi kati ya hizo mbili.

"Ni kuku!" nikapiga kelele. "Jamani nisikilizeni, ni kuku! Nilimlaza apate joto!"

"Woi, maskini," mmoja akasema. "Uchungu umempanda kichwani."

"Mushikeni, atajiumiza," akasema Mzee Ainea.

Wakanishika. Wawili mkono huu, wawili mkono ule, na mmoja akanizibia macho nisione "maiti". Nami kadiri nilivyosema kuku ndivyo walivyozidi kulia. "Anasema ni kuku! Woi, mama wa watu, anasema ni kuku!" Nilijitikisa, nilisukuma, nilimuuma mtu kidole. (Mke wa karani wa maji, kama haya yatakufikia, nisamehe. Sikujua ni chako.)

Na katikati ya zogo lile nikamsikia mama mkwe. Mnajua msiba unavyoliliwa, lazima marehemu aitwe jina. Naye akaita.

"Muhonja! Muhonja wangu weee! Umeenda bila nyanya kukushika! Muhonja, jina la mama yangu! Nilikaa na kiburi, Muhonja, nikakaa na jina lako tumboni, sasa nitalipatia nani? Na huyu Roda, huyu mutoto muzuri, nitamwangalia na macho gani?"

Nikaacha kupigana. Nilisimama pale mikononi mwa watu na machozi yakanitoka, ya kweli kabisa. Waliokuwa wamenishika wakaniondolea kiganja machoni, wakasema, "Sasa ameelewa."

Wenzangu, nilitaka jina lile kwa miezi. Nilitaka kusikia maneno yale kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Na yalikuwa yanamwagiwa jogoo.

Kisha mama mkwe akanyamaza ghafla. Akatazama mapaja yake. Nguo yake ya kanisa, ile ya samawati, ilikuwa imelowa, na doa linapanuka. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye blanketi.

"Amekojoa," akasema polepole.

Akaweka kiganja kwenye doa, akakitazama.

"Amekojoa! Maiti haikojoangi! Yuko hai! Muhonja yuko hai!"

"Mama, tafadhali usifungue..." nikaanza.

Akafungua. Ncha ya kwanza, ncha ya pili, fulana ya Hezroni. Paja likajitokeza. Jeupe, lenye vinyweleo viwili ambavyo sikuvinyonyoa vizuri. Likaning'inia taratibu mbele ya mtaa mzima.

Mzee Ainea akavua kofia, halafu akaonekana hajui kwa nini ameivua.

Na ndipo Mama Zainabu akaingia mbio kutoka kwake, analia, mikono kichwani. "Inna lillahi! Inna lillahi! Mtoto wa Roda! Jana tu alinichekea! Mtoto wa Roda jamani!"

Mgongoni mwake, Mtoto wa Roda alikuwa anatafuna ngumi yake na kutuangalia mmoja mmoja.

"Mama Zainabu," nikasema. "Geuka."

Akageuka atazame nyuma. Mtoto akageuka naye. Akageuka tena. Ilibidi watu wawili wamshike ili asimame.

Mama mkwe akamtazama mtoto. Akamtazama kuku. Akanitazama mimi.

"Bibi ya... Roda," akasema. "Kwani nyinyi watu wa ofisi mnalazanga kuku kitandani?"

"Alikuwa ameganda, Mama. Kwenye friji. Nilikuwa namyeyusha barafu."

"Barafu ni nini?"

"Ni kama mvua ya mawe, Mama."

"Umeweka kuku ndani ya mvua ya mawe, halafu ukamufunika blanketi ya mujukuu wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

Kulikuwa na majibu ya heshima. Sikuyakumbuka hata moja. "Ili uingie ndani," nikasema. "Nilitaka kuku anukie, uingie, umshike mtoto, umpe jina."

Akaangalia kuta za chumba. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza alipotambua aliko, ndani kabisa, mahali pa mbali zaidi na mlango katika nyumba yote. Mdomo ukamtetemeka. Nikajiandaa kwa kilio kingine. Badala yake kikamtoka kicheko, kidogo kwanza, kama mtu anayekohoa, kisha kikamshika mwili mzima mpaka akalala chali sakafuni na kuku wake kifuani. Hapo mtaa ukapata ruhusa. Walicheka mpaka mtu mmoja akatoka nje kutapika. Waliniachilia mikono, lakini hakuna aliyeomba radhi.

Mzee Ainea peke yake ndiye aliyebaki na akili. "Ulimwita Muhonja," akamwambia mama mkwe.

"Si ndiyo jina lake."

"Tangu rini?"

"Tangu azaliwe. Nilikuwa nimelikalia."

Akanyoosha mikono. Mama Zainabu akamfungua mtoto, na mama mkwe akampokea. Alimnusa kichwani, akamshika vidole vya miguu, akamwambia mambo kwa Kiisukha ambayo sikuyasikia yote. Muhonja akamshika pua.

Na kuku? Nilimwokota pale chini. Alikuwa laini. Kile ambacho beseni, jua na chupa ya maji moto vilishindwa, kifua cha mama mkwe kilikiweza. Nikampeleka jikoni nikiwa nimekaza uso, kwa sababu nilikuwa nimeapa ataliwa leo, na kiapo ni kiapo. Mama mkwe akanifuata na nguo yake iliyolowa. Akaninyang'anya kisu.

"Wewe songa obusuma," akasema, akinisukumia unga wa ugali. "Kuku niachie mimi. Nimemulilia, acha nimupike."

Hezroni alifika tukiwa katikati ya mapishi. Aliona watu wamejaa uani, akaona ngoma ya matanga, akaitupa baiskeli kwenye maua ya watu na kuingia akipiga mayowe. Hatukumweleza mara moja. (Utambi aliuinua nani?)

Kabla ya kula, Mzee Ainea akauliza kama ngoma yake arudi nayo nyumbani hivi hivi, maana begani ni nzito. Mama mkwe akafikiri kidogo. Akafunga kitambaa chake upya, akamweka Muhonja mgongoni, akatoka hadi mlangoni, akasimama pale pale alipokuwa amesema atasimama. Kisha akaanzisha wimbo wa kumwingiza bibi harusi nyumbani. Wanawake wakaupokea. Wote walikuwa wanaujua, na wote walikuwa tayari wamekuja. Aliuimba mpaka ndani, akauzungusha kila chumba, hata jikoni, hata mbele ya friji. Mimi nilisimama katikati na mikono yenye unga, bibi harusi wa zamani, nikilia tena. Nimelia sana leo kwa mtu ambaye hakufiwa.

Firigisi akapewa Mzee Ainea. Maini mama mkwe aliyaweka kwenye sahani yangu.

Jioni hii Muhonja hajalia. Amelala chini ya blanketi lingine, lile jeupe liko kwenye kamba. Mama mkwe yupo, ameketi mbele ya friji tangu wageni waondoke, analifungua na kulifunga, na kila mara anasema "Haki ya Mungu." Anasema akija tena kuku ataleta yeye mwenyewe, na kuku huyo atakuja akitembea.

Kwa hiyo wenzangu, naomba kitu kimoja. Mkimsimulia mtu habari hizi, semeni zilitokea kwa jirani. Lakini mtoto, msimkosee. Mtoto ni wangu, na anaitwa Muhonja, na aliyempa jina alilowa mpaka magotini.